Sista, leseni ninayo kazi sina: niikodishe, nilipe koneksheni au niende Mbinga?

Shikamoo Sista,

Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Kasulu ila sahivi nipo Mbagala kwa mama mdogo. Nilimaliza diploma ya uuguzi na ukunga mwaka jana, mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nikafanya nikapasi, leseni ninayo, yaani makaratasi yote yamekamilika ila kazi ndo hamna. Hospitali za private hapa Dar nimezunguka mpaka viatu vimeisha soli, getini mlinzi anapokea bahasha anakwambia watakupigia, na ukibahatika kuingia ndani ukaonana na mtu wa HR swali la kwanza ni una ekspiriensi ya miaka miwili? Sasa Sista hiyo ekspiriensi mi naitoa wapi kama kila ninapoenda wanataka nije nayo. Ajira Portal nimeomba na niliwahi kuitwa usaili wa mchujo, maswali nikayaona kama sijawahi kuyasoma kabisa, jina langu halikurudi.

Mama yangu anauza mawese na dagaa sokoni, ada yangu kalipa kwa hela za vikoba na nyingine mpaka leo anadaiwa. Siku hizi akipiga simu haniulizi moja kwa moja, anauliza tu mmeamkaje huko, ila najua anachosubiri kusikia na mi sina cha kumwambia.

Sasa kuna mambo matatu yamekuja kwa pamoja na wote wanataka jibu haraka. La kwanza, kuna mwenye dispensari hapa mtaani, ana wadada wawili wanaochoma sindano ila hawajasomea. Anataka nakala ya leseni yangu na vyeti abandike ukutani, jina langu liwe kwenye orodha ya watumishi ili wakija wakaguzi akae salama. Mimi sitakiwi hata kwenda kazini, kila mwezi atanitumia laki moja na nusu kwenye simu. Mama mdogo anasema hiyo ni hela ya bure na nisipochukua atachukua mwenzangu.

La pili, rafiki yangu wa chuo kanitambulisha kwa kaka mmoja anasema ana mtu wake Dodoma, ukitoa laki nane, nusu kwanza nusu ukishaona jina, unapangiwa kituo bila kupitia usaili. Rafiki yangu ameshatoa nusu yake. Mama anasema anaweza kukopa tena.

La tatu, kuna hospitali ya misheni iko Mbinga huko Ruvuma, ndani kabisa sio mjini, niliwatumia maombi kitambo nikasahau, wiki hii wamepiga. Mkataba wa mwaka mmoja, laki nne kabla ya makato, chumba kwenye nyumba za watumishi, na nitaanzia wodi ya wazazi. Wananitaka ndani ya wiki mbili. Sista naogopa. Tangu nimalize chuo sijashika mgonjwa, na hata pale leba wakati wa practical tulikua wanafunzi wengi, mama mmoja tunamgombania watu sita. Nasikia huko usiku nesi ni mmoja wodi nzima. Wenzangu wananiambia ukienda porini umejizika, usaili utatangazwa hutajua, bora nibaki mjini karibu na fursa, mwingine ananiambia nitulie nisubiri mawakala wa Saudia.

Nifanyeje, na mama mdogo nimwambieje maana huyo mwenye dispensari ni rafiki yake wa karibu?

Nesi asiye na wodi, Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Jibu nakupa hapa hapa mwanzoni ili usome mengine ukiwa umetulia: nenda Mbinga. Leseni usiikodishe hata kwa siku moja, na huyo kaka wa laki nane asiione hata mia yako.

Tuanze na leseni maana hapo ndo unaweza kupoteza kila kitu. Laki moja na nusu inaonekana hela ya bure kwa sababu hujafikiria anachonunua yule mzee mwenye dispensari. Hanunui karatasi, ananunua jina lako libebe makosa ya wale wadada wawili. Siku mtoto amechomwa sindano ikaenda vibaya, au mama amewekewa dripu ya dawa inayomkataa akafia pale kwenye benchi, polisi na watu wa Mganga Mkuu wa Wilaya wakifika wataangalia ukutani, na ukutani upo wewe. Utasema sikuwepo, watakuuliza mbona kila mwezi unapokea hela, na hela ya simu haifichiki, muamala upo. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka kwa Sheria ya mwaka 2010 ya kukusimamishia leseni na hata kufuta jina lako kwenye rejesta, na ukishafutwa hiyo diploma iliyolipiwa kwa vikoba unabaki kuiangalia tu. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hata Baraza. Wale wagonjwa wanaoingia pale wanaangalia ukutani wanaona muuguzi aliyesajiliwa, wanatoa mkono wachomwe kwa sababu yako. Wanakuamini wewe ambaye haupo. Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, nimepokea wamama walioletwa kutoka vichochoro vya namna hiyo wakiwa wameshamwaga damu njia nzima, na nakuambia kwa moyo wote usiwe jina la ukutani.

Kama umeshamtumia picha ya leseni kwa WhatsApp, mwandikie meseji leo kwamba huruhusu jina wala vyeti vyako vitumike kwenye kituo chake, na meseji hiyo uitunze. Ukija kusikia ameitumia nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya na Baraza, ukawaeleze mwenyewe kabla hawajakutafuta.

Sasa laki nane. Naomba uelewe mfumo unavyofanya kazi maana hawa matapeli wanaishi kwa sababu watu hawauelewi. Ajira za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye Ajira Portal bure, unafanya usaili wa mchujo, ukipita unaenda wa mahojiano, wa vitendo nao upo kwa kada zinazohitaji. Waliofaulu ila nafasi hazikutosha majina yao yanawekwa kwenye kanzidata, na baadae nafasi zikipatikana wanatolewa humo wanapangiwa vituo. Hapo ndo mchezo ulipo. Wewe mtaani unaona tangazo la watu wamepangiwa kazi na hukusikia usaili wowote siku za karibuni, unasema kumbe kuna watu wanapenya bila usaili, kumbe hao walishafanya zamani wakapasi wakawa wanasubiri. Huyo kaka anachofanya ni kukusanya nusu nusu kwa watu wengi, kati yao wapo ambao wangepata tu wenyewe, hao watamwona mkweli na watamleta mwingine, wengine wote simu haitapokelewa. Na kumbuka rushwa kwa sheria yetu ya mwaka 2007 inamshika anaetoa na anaepokea, kwahiyo hata ukitapeliwa utaogopa kwenda kushtaki, na hilo wanalijua. Mwambie rafiki yako nusu ya pili asitoe, apige 113 ni simu ya bure ya TAKUKURU, aeleze. Na mama yako mwambie wazi asikope tena kwa jambo hili, tafadhali sana, wamama wetu wameshalipa vya kutosha.

Mbinga sasa. Wenzako wanasema ukienda porini umejizika, mi naona kinyume kabisa na nitakuambia kwanini. Hospitali kubwa za mjini ukiingia ukiwa mpya, utakaa miezi unapima presha, unapeleka sampuli maabara, unatandika vitanda, leba utaisogelea ukiwa nyuma ya daktari, intern na wanafunzi, ile ile hali ya mama mmoja watu sita. Hospitali za misheni vijijini, na nyingi ndo zinategemewa kama hospitali ya wilaya, nesi anafanya kazi yote ya uuguzi na ukunga ambayo sheria inamruhusu. Utapokea mama na uchungu wake, utachora patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu) yako mwenyewe, utazalisha, utashona msamba, utamhudumia mtoto aliyechoka, usiku utamwandaa mama wa upasuaji ukimsubiri daktari aje kutoka nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja mikono yako itakua imejua vitu ambavyo aliyebaki Dar anavisoma tu kwenye makaratasi ya usaili. Na ile miaka miwili ya HR wa Dar ndo inaanza kuhesabika siku utakayoripoti Mbinga, sio siku utakayopata kazi ya ndoto.

Nimekua in-charge, yaani msimamizi wa wodi, na nimekaa kwenye paneli za kuajiri manesi wapya. Tulikua tunauliza swali moja: umempa mgonjwa dawa isiyo yake, unafanyaje? Wengi wanajibu mimi siwezi kukosea, naangalia jina, dawa, dozi, njia na muda. Wanataja vizuri kabisa kama walivyofundishwa ila swali hawajajibu. Binti mmoja akasema namwangalia mgonjwa kwanza hali yake, nampima, naita daktari na in-charge hapo hapo, naandika kwenye faili kilichotokea na saa, na ndugu wanaelezwa. Tulimchukua yule, na hakua na ekspiriensi yoyote zaidi yako. Kwahiyo usidhani kila mlango umefungwa kwa sababu ya miaka miwili, mara nyingi tunaogopa mtu atakaeficha.

Hofu yako naielewa na ni hofu nzuri, nesi mpya asieogopa leba ndo ananitisha mimi. Hizi wiki mbili usikae kuangalia simu. Chukua notisi zako za ukunga usome mambo machache yanayoua wamama na watoto wetu, uyasome mpaka uweze kuyasema usingizini. Kutoka damu baada ya kujifungua: mtoto akitoka ukishahakikisha hakuna wa pili, oxytocin uniti 10 kwenye msuli, kondo litoke kwa utaratibu, tumbo ulikande mfuko wa uzazi ukaze, na ukiona damu imefika mililita 500 hiyo sio kawaida tena, ita watu. Kifafa cha mimba: dozi ya kuanzia ya magnesium sulphate gramu 4 kwenye mshipa taratibu na gramu 10 kwenye msuli, tano kila tako, na kabla ya kurudia dozi unaangalia upumuaji, mkojo na rifleksi ya goti. Mtoto asielia: una dakika moja tu ya kumkausha, kumpa joto, kumchangamsha na kuanza kumpumulisha kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, kama bado. Mapigo ya mtoto tumboni kati ya 110 na 160. Ukifika usitegemee kichwa chako peke yake, angalia mwongozo uliobandikwa kwenye wodi yao ufuate huo, na kama haujabandikwa omba.

Siku ya kwanza nenda kwa matron, yaani mkuu wa wauguzi, msalimie kwa heshima, mwambie bila aibu: mimi ni mpya, sijazalisha wengi, naomba wiki za mwanzo nipangwe mchana na mkunga mzoefu kabla ya kupewa usiku. Hakuna matron mwenye akili atakaekudharau kwa hilo, atakudharau ukijifanya unajua. Jua mapema boksi la dharura liko wapi, oksijeni iko wapi, ambu ya mtoto iko wapi na inafanya kazi, namba ya daktari wa zamu na ya dereva wa ambulansi uwe nazo kwenye simu. Na wale wakunga wa zamani wa cheti ambao wamekaa pale miaka ishirini, mdogo wangu, diploma yako isikuzuie kuwaita dada na kuwauliza, wale wanajua kwa kushika tu tumbo.

Mambo ya mkataba usiyaone aibu kuyauliza kisa unashukuru kupata kazi. Omba wakutumie mkataba usome kabla ya kupanda basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, kazi ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, likizo ya mwaka ni siku 28. Uliza NSSF wanachangia, na uwe unaangalia michango yako inaingia kweli kila mwezi maana kuna waajiri wanakata halafu hawapeleki. Kwa laki nne, NSSF yako ukikatwa asilimia 10 ni elfu arobaini, kodi inabaki kidogo tu kama elfu saba na mia mbili, kwahiyo mkononi utapata kama laki tatu na elfu hamsini. Ukiwa na chumba cha hospitali na mahindi na maharage ya Mbinga, hiyo inakaa vizuri kuliko laki tano za Dar zinazoishia kwenye kodi ya nyumba na daladala. Uliza pia nauli ya kuja, kuna wanaorudisha. Vyeti halisi waonyeshe warudishe, wabaki na nakala zilizothibitishwa, usikubali mwajiri afungie orijino zako kabatini. Na uliza chanjo ya homa ya ini B, kama chuoni hukumaliza dozi zote umalizie. Ukijichoma sindano ya mgonjwa usikae nayo kimya hata kama ni saa nane usiku, osha kwa maji na sabuni, ripoti, dawa za kinga zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zikizidi saa 72 hazisaidii tena.

Kuhusu usaili wa serikali, Mbinga sio nje ya nchi, mtandao upo, na kufanya kazi misheni hakukuzuii kuomba serikalini. Ila akaunti yako ya Ajira Portal iweke sawa kabla hujaondoka. Jina kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa, cha form four na cha chuo yafanane, kama kuna herufi inatofautiana tafuta wakili akuandikie deed poll, hati ya kurekebisha jina, mapema, wengi wanarudishwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu hiyo tu. Weka vyeti kamili, zile statement of results na risalt slipu hawazipokei. Barua ya maombi iwe na sahihi yako, inashangaza wangapi wanapakia barua bila sahihi. Nafasi ya mwenye diploma inaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, ile ya Muuguzi Daraja la II ni ya cheti, soma tangazo vizuri usije ukaomba isiyo yako. Mkoa unaoishi uubadilishe uandike Ruvuma ukishahamia, usije ukapangiwa kufanyia usaili Dar wakati upo Mbinga. Na matangazo yaangalie kwenye tovuti yao wenyewe, zile PDF za magrupu ya WhatsApp nyingine ni za mwaka juzi watu wamebadilisha tarehe.

Ule mchujo uliokushinda usiuogope, ukirudi tena utakua umebadilika. Maswali yale yanaulizwa kwa mtu anaefanya kazi: hatua za nursing process, kuzuia maambukizi, klorini ya asilimia 0.5 unaichanganyaje, Glasgow Coma Scale ya kupima fahamu inaanzia 3 inaishia 15, alama za apgar za hali ya mtoto mchanga dakika ya kwanza na ya tano, maadili na siri ya mgonjwa. Vitu unavyovifanya kila siku havikutoki. Tafuta daftari, kila zamu andika ulichofanya, umezalisha wangapi, umeweka kanula ngapi, umeona kesi gani na ilisimamiwaje, majina ya wagonjwa usiandike. Hilo daftari ndo CV yako ya mwakani, maana nikiwa naajiri CV inayosema "nimefanya kazi leba, zamu za usiku, nimehudumia kifafa cha mimba na kutoka damu" naisoma mpaka mwisho, ile inayosema nina nidhamu na napenda kufanya kazi kwa timu naifunika. Na mdhamini wako mmoja awe in-charge aliyekuona unafanya kazi, mchungaji au mwenyekiti wa mtaa hawezi kuniambia ukoje saa tisa usiku wodi ikiwa imejaa.

Saudia iache kwanza. Hospitali za Ghuba kwa kawaida nazo zinataka miaka kama miwili ya wodini na mtihani wao juu, kwahiyo njia ya kwenda huko nayo inapita Mbinga. Na akija mtu kukuambia ni wakala wa Uingereza anakusanya manesi wa Tanzania kwa hela, kimbia, nchi yetu ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza wamezuia mawakala wao kuja kuchukua watu kwenye nchi hizo. Mtu anaweza kuomba mwenyewe, lakini mawakala wa kukusanya watu hapana.

Nina wasomaji wengine wanaotafuta kazi na hawana hata hiyo simu ya Mbinga, kwao niseme kidogo. Msipeleke bahasha getini Dar peke yake, pigieni hospitali za misheni za mikoani muulize moja kwa moja ofisi ya matron, huko uhaba upo na watu hawaendi. Angalieni pia nafasi za mikataba za Taasisi ya Benjamin William Mkapa, tangu 2006 wanapeleka wahudumu wa afya maeneo ya pembezoni. Na kama ni kujitolea, andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya upate kibali cha maandishi, kina kituo na muda, usijitolee kwa maneno ya mdomo halafu mwisho wa siku hakuna anaekutambua. Leseni uwe nayo kwanza, hata kwa kujitolea.

Nirudi kwako. Mama mdogo amekulaza na kukulisha mwaka huu wote, usiende nae kwa hasira wala usimhubirie. Kaa nae ukiwa wawili tu, mwambie: mama, nimepata kazi Mbinga, ya mkataba, na leseni yangu inatakiwa iwe pale ninapofanya kazi, ikionekana kwingine naweza kufukuzwa na Baraza linaweza kunifuta. Hujamdanganya, na hujamwambia rafiki yake ni mtu mbaya. Akisema mzee atachukia, sema salamu zake utampelekea mwenyewe, uende ukamwambie hapana kwa adabu, mchana, mlangoni kwake, usimwachie mama mdogo mzigo huo. Kasulu mpigie mama leo usiku, mwambie kazi imepatikana na mwambie ni wapi na shilingi ngapi kabisa, asije akaanza kuahidi watu kwenye kikoba hela ambazo hazipo.

Halafu kabla hujalala waandikie hospitali: nimekubali, naomba mkataba niusome, naomba kujua nauli na siku ya kuripoti, na naomba kuanza na mkunga mzoefu. Usipowajibu ndani ya siku mbili tatu watampigia aliye chini yako kwenye orodha. Na ukienda Mbinga beba masweta, zaidi ya moja, mwezi wa sita na wa saba kule usiku wa leba ni baridi kweli kweli.